Kubadili Tairi la Pikipiki: Mkono wa Mwenyewe au Mkono wa Fundi?

Gurudumu lilichelewa sana kufika Tabora. Katika karne ya 19, mji huo ambao wageni waliuita Kazeh, katika nchi ya Unyanyembe, ulikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji. Hata hivyo, karibu kila kitu kilichopita hapo kilipita juu ya bega au kichwa cha mwanadamu: pembe za ndovu, vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Watu waliouzwa utumwani walipita hapo pia, wakitembea kwa miguu yao wenyewe. Burton na Speke, walioanza safari yao pwani mwezi Juni 1857, hawakuingia Kazeh ila tarehe 7 Novemba. Sababu ya polepole hiyo haikuwa uvivu, wala haikuwa ujinga wa kutojua gurudumu. Sababu kubwa ilikuwa mbung'o, ambaye aliua wanyama wa kukokota. Mwaka 1877 Chama cha Wamisionari cha London kilijaribu kupeleka bara magari ya kukokotwa na ng'ombe kutoka Saadani. Ng'ombe wengi wakafa njiani, na magari yakaachwa.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na baada yake zikaja baiskeli na magari. Leo gurudumu linaloonekana zaidi katika njia zile za zamani ni gurudumu la pikipiki. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoiweka bodaboda katika orodha ya vyombo vinavyoruhusiwa kubeba abiria kwa malipo, pikipiki imechukua nafasi ya mpagazi. Hupeleka magunia ya mahindi mnadani na madumu ya asali kutoka kwenye mapori ya miombo. Huwapeleka wanafunzi shuleni na mama mjamzito zahanati usiku wa manane. Aghalabu huchukua pia abiria wawili au watatu kwa pamoja, mtindo ambao sheria inaukataza na ambao watu wameupa jina la mishikaki.

Chombo hicho chote, pamoja na roho zilizopanda juu yake, kinagusa ardhi kwa vipande viwili vya mpira, kila kimoja kisichozidi sana upana wa kiganja. Ndiyo maana suali la nani abadili tairi, mwenye pikipiki au fundi, si suali dogo kama linavyoonekana. Chini ya miembe ya Tabora, mahali ambapo tairi kuukuu lililotundikwa ni tangazo tosha la fundi wa pancha, suali hilo huzungumzwa kila siku. Wapo wasemao kwamba mtu mwenye akili hachafui mikono kwa kazi ambayo fundi huimaliza kwa muda mfupi. Wapo pia wasemao kwamba anayempelekea fundi kila pancha ni mtu anayejifilisi mwenyewe. Pande zote mbili hubishana juu ya fedha, na pande zote mbili husahau kuuliza ni kitu gani hasa kinachotendeka pale tairi linapotoka kwenye rimu. Atakayekielewa kitu hicho atajua wakati wa kujifanyia mwenyewe na wakati wa kulipa. Atajua vilevile kama kazi aliyoilipia imefanywa sawasawa.

Tuanze na mdomo wa tairi, yaani ule ukingo mgumu unaokaa ndani ya rimu. Ndani yake umezungushiwa nyaya za feleji ambazo kwa matumizi ya kawaida hazivutiki hata kidogo. Tairi lililoandikwa 3.00-18 lina upana wa karibu inchi 3, na mdomo wake hukaa kwenye rimu yenye kipenyo cha inchi 18, yaani kama sentimita 45.7. Lakini kuta za rimu zinazouzuia mdomo huo usichomoke zina kipenyo kikubwa zaidi, kwa sentimita 2 hadi 3 hivi. Hapo pana kitendawili: duara lisilonyumbuka limepitaje juu ya duara lililo kubwa kuliko lenyewe?

Jibu limo katikati ya rimu. Ukiitazama rimu bila tairi utaona kwamba sehemu yake ya kati imebonyea na kufanya mfereji unaozunguka. Watu wengi hudhani mfereji huo umewekwa kwa ajili ya vichwa vya spoku tu. Ukweli ni kwamba usingekuwapo tairi lisingeingia kamwe. Mdomo wa tairi ukisukumwa udumbukie mfereji kwa upande mmoja, duara lote husogea upande huo, na upande wa pili hupata nafasi ya kupanda juu ya ukuta wa rimu. Fundi aliye hodari hupiga goti juu ya tairi upande ulio mkabala na ule anaoung'oa. Mtazamaji hudhani kwamba anajiegemeza tu apumzike. La, goti hilo ndilo linalofanya kazi, kwa kuwa linaushikilia mdomo ndani ya mfereji wakati mikono inainua upande wa pili.

Asiyejua siri hiyo hutumia nguvu. Huchukua chuma kirefu, pengine bisibisi, akakichomeka kati ya tairi na rimu na kukikandamiza kwa uzito wa mwili wake wote. Wanafunzi wa kidato cha pili watalitambua jambo hili mara moja, kwani huo ni wenzo. Iwapo chuma kina urefu wa sentimita 25 kutoka kwenye egemeo hadi mkononi, na sentimita 2.5 tu kutoka kwenye egemeo hadi kwenye mdomo wa tairi, kani huzidishwa mara 10. Mtu akisukuma kwa nyutoni 200, yaani sawa na uzito wa kilo 20 hivi, ncha ya chuma hubonyeza kwa nyutoni 2,000, sawa na uzito wa kilo 200. Uzito huo wote hukaa juu ya ncha ya bisibisi. Tyubu ikiwa imenaswa hapo hutoboka, na mtu aliyekuwa akiziba tundu moja huishia na matundu mawili. Waya wa mdomo nao huweza kupinda ndani kwa ndani pasipo kuonekana, na waya uliopinda haukai tena imara katika rimu.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza katika kazi hii ni kwamba tairi linaposhindikana, lisilazimishwe. Ni vyema kurudi upande wa pili na kutazama kama mdomo umetoka katika mfereji. Karibu kila mara utakuta umetoka.

Kisha kuna kiraka. Mpira mbichi unaotoka mtini hulainika na kunata wakati wa joto, na hukakamaa wakati wa baridi. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukipikwa pamoja na salfa hubadilika tabia. Chembe za salfa huziunganisha nyuzi ndefu za mpira mithili ya vipandikizi vya ngazi, na mpira huo huweza kuvutwa ukarudi mahali pake bila kunata. Ujuzi huo ulipata kutumika katika nchi hii mapema kuliko wengi wanavyofikiri. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli za Waingereza zilipoifunga pwani, Wajerumani walichanganya mpira wa mashamba ya hapa na salfa ili wapate matairi. Tabora yenyewe, ambayo wakati huo ilikuwa makao ya serikali yao, ilipigiwa sarafu katika karakana ya reli mwaka 1916, zikiwamo sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya ndovu. Yafaa vijana wa Tabora wakumbuke kwamba mji wao una historia ndefu ya karakana.

Tukirudi kwenye kiraka, gundi ambayo mafundi huiita solusheni haifanyi kazi kama ugali unaogandisha karatasi. Ni mpira ulioyeyushwa katika kimiminika chepesi kinachoruka hewani. Sharti kwanza uso wa tyubu usuguliwe kwa msasa, kwa sababu uso mpya wa tyubu una utando wa vumbi na nta uliotoka kiwandani. Kisha gundi ipakwe nyembamba na kuachwa mpaka ionekane imekauka na isishike kidole sana. Hapo ndipo kiraka hubandikwa na kukandamizwa. Haraka ndiyo adui wa viraka vingi. Kiraka kikibandikwa kabla ya kimiminika kuruka, kimiminika hicho hubaki chini yake, na joto la barabarani linapokipasha huufanya ukingo wa kiraka uinuke. Baadhi ya mafundi hutumia njia ya moto, yaani hukandamiza mpira mbichi juu ya tundu kwa chuma kilichopashwa joto, pengine pistoni kuukuu inayotiwa mafuta kidogo na kuwashwa. Njia hiyo huunganisha kiraka na tyubu vizuri sana kama fundi anajua kipimo cha joto. Asipojua huiunguza tyubu ikawa ngumu pembezoni mwa kiraka, na hapo ndipo itakapopasuka siku nyingine.

Kabla ya kuirudisha tyubu, hapana budi kidole kipitishwe taratibu ndani ya tairi lote. Kazi hii ya nusu dakika husahauliwa na wenye pikipiki na mafundi pia. Mwiba wa mgunga uliotoboa tyubu jana bado umesimama ndani ya tairi leo, ukingoja tyubu mpya. Mtu aliyeziba pancha tatu katika wiki moja na kulaumu ubovu wa tyubu za siku hizi, mara nyingi ana mwiba mmoja tu.

Upepo wenyewe una elimu yake, na ni elimu inayowatia wanafunzi makosani. Tuseme dereva amejaza tairi asubuhi, kwenye nyuzi 17 za Selsiasi, mpaka kipimo kikaonyesha kilopaskali 200, ambazo ni kama 29 katika kipimo cha ratili kwa inchi ya mraba kinachotumiwa na mafundi. Mchana, baada ya safari ndefu yenye mzigo, hewa ndani ya tairi imefika nyuzi 57. Kipimo kitasoma ngapi? Mwanafunzi atakayegawanya 57 kwa 17 atapata kilopaskali 670, na kwa hesabu yake hakuna pikipiki itakayovuka Sikonge bila kupasuka matairi. Atakayekumbuka kutumia kelvini atapata karibu 228, naye bado amekosea. Kipimo cha upepo husoma ziada iliyo juu ya kanieneo ya angahewa, na Tabora, iliyoko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ina kanieneo ya angahewa ya kilopaskali 88 hivi. Hewa ndani ya tairi ilianza na 288 kwenye kelvini 290. Kwenye kelvini 330 itakuwa karibu 328. Toa 88, na kipimo kitasoma 240. Ongezeko hilo ni la sehemu moja ya tano, na tairi zima hulistahimili bila taabu.

Dereva anayeogopa tairi kupasuka kwa joto, kwa hiyo akapunguza upepo, anafanya kinyume cha linalotakiwa. Tairi lenye upepo mdogo hukunjwa na kukunjuliwa ubavuni kila linapozunguka, na mkunjo huo ndio unaozaa joto jingi. Isitoshe, pikipiki ikishikwa breki kwa nguvu tairi huteleza juu ya rimu na kuikokota tyubu. Alama yake ni rahisi kuionea: valvu, ambayo yapaswa isimame wima kuelekea kwenye kitovu cha gurudumu, huonekana imelala upande. Kutazama valvu hakuhitaji spana wala fedha. Abiria yeyote anaweza kufanya hivyo kabla ya kupanda, na valvu iliyolala ni sababu ya kutosha ya kutafuta pikipiki nyingine.

Yote yaliyosemwa mpaka hapa yaweza kumfanya msomaji afikiri kwamba kila mtu na ajibadilishie tairi mwenyewe. Lakini upo upande mwingine, na huo ndio wenye hatari kubwa zaidi. Ili tairi la nyuma litoke, gurudumu zima hufunguliwa: nati ya ekseli, cheni, waya au fimbo ya breki, na kitu kimoja ambacho wasiozoea hawakijali. Katika pikipiki nyingi zenye breki ya ngoma, ipo fimbo ya chuma inayoiunganisha sahani ya breki na uma wa nyuma. Viatu vya breki vinapotanuka na kuikamata ngoma inayozunguka, ngoma nayo huvisukuma vizunguke pamoja nayo. Hiyo ndiyo kanuni ya tatu ya Newton. Kinachozuia sahani isizunguke ni fimbo ile tu. Mtu akisahau kuifunga, au akaifunga bila pini yake, pikipiki itakwenda vizuri, na breki itashika vizuri inapoguswa kwa upole. Siku atakapokata mbuzi mbele yake, akaikanyaga breki kwa nguvu, sahani yote itageuka na kunyakua fimbo ya kukanyagia. Gurudumu litafunga ghafula, au breki itatoweka kabisa.

Fundi anayefungua magurudumu kila siku huifunga fimbo hiyo bila kufikiri, kama mpishi asiyesahau chumvi. Mwenye pikipiki anayefanya kazi hiyo mara mbili kwa mwaka, jioni, huku giza likiingia na mvua ikinyesha, ndiye anayesahau. Hivyo mazoea ya fundi ni kinga inayostahili kulipiwa. Kuna na mambo mengine ambayo mwenye pikipiki akiyajaribu bila kufundishwa atapoteza tu: kukaza spoku ili rimu inyoke, kubadili bearingi, kupachika tairi lisilotumia tyubu, ambalo huhitaji hewa nyingi kwa mara moja ili midomo yake ikae, kazi isiyowezekana kwa pampu ya mkono.

Kwa upande mwingine, kuna mafundi wasiopaswa kulipwa hata senti moja. Mmoja hung'oa kwa bisibisi mbili. Mwingine hutia tyubu ya inchi 17 katika tairi la 18 kwa kuwa ndiyo aliyonayo. Mwingine hugeuza tairi, mshale uliochorwa ubavuni ukaelekea nyuma. Mteja asiyejua chochote hawezi kumtofautisha fundi huyo na yule aliye bora, na kwa kuwa hawezi, atachagua aliye rahisi. Hivi ndivyo ujinga wa mteja unavyomuumiza fundi mwema kwanza, kabla haujamuumiza mteja mwenyewe. Mafundi wenyewe wangepaswa kuwa wa mbele kutaka wateja wao wafundishwe.

Na sasa fedha, kwa kuwa ndizo zilizoanzisha ubishi. Bei hutofautiana toka mtaa hadi mtaa na toka mwaka hadi mwaka, na ni afadhali wanafunzi wazitafute wenyewe. Tuseme vifaa, yaani vyuma vitatu bapa vya kung'olea tairi, pampu, spana mbili na kopo la viraka, vinagharimu Z. Fundi hutoza F kwa kila pancha, na gundi pamoja na kiraka cha kujibandikia hugharimu M. Vifaa vitakuwa vimejilipa baada ya pancha zenye idadi ya Z kugawanywa kwa F toa M. Kwa dereva wa bodaboda katika njia zenye miiba idadi hiyo hufikiwa upesi. Kwa mwalimu anayeendesha pikipiki yake toka nyumbani hadi shuleni katika barabara ya lami, huenda isifikiwe kabla ya yeye kustaafu.

Lakini hesabu hiyo imeacha kitu kikubwa, nacho ni umbali. Gharama halisi ya fundi ni F pamoja na gharama ya kumfikia. Mjini Tabora gharama hiyo ya pili ni karibu na sifuri, maana fundi yuko chini ya kila mwembe wa pili. Lakini mtu aliyeacha barabara kuu na kuingia katika njia za mapori ya Sikonge au za mashamba ya tumbaku huko Urambo, akapata pancha magharibi, yuko katika hesabu nyingine kabisa. Kusukuma pikipiki yenye tairi bapa kilomita 15 ni kuliua tairi, tyubu na rimu kwa pamoja. Kulala porini ni kupoteza mapato ya siku ya pili. Na kama aliyepakiwa ni mgonjwa, hakuna herufi ya kuiandika gharama hiyo katika hesabu. Mahali hapo, mtu asiyeweza kuziba tyubu mwenyewe hana haki ya kumpakia mwenzake. Maneno haya ni makali, lakini yapo mahali pake. Leseni ya udereva hupimwa kwa kujua alama za barabarani, na katika nusu ya njia za mkoa huu hakuna alama hata moja.

Wapagazi wa Kinyamwezi waliujua mgawanyo huu vizuri sana. Njiani hapakuwa na karakana, kwa hiyo mtu alipaswa kujua kuufunga mzigo wake uliokaribia kilo 30 na kuufunga upya ulipolegea, la sivyo angeachwa nyuma na kirangozi. Lakini jembe lake hakulifua yeye. Lilifuliwa na wahunzi, nao walilipwa. Hakuna aliyeona kwamba kumlipa mhunzi ni uvivu, wala kwamba kufunga mzigo mwenyewe ni ubahili. Kilichoamua ni mahali kazi ilipotokea, na muda uliohitajika kuijua.

Lipo jambo jingine ambalo mnunuzi wa leo hana budi kulijua, awe anabadili mwenyewe au anabadilishiwa. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha, kilichojengwa baada ya Azimio la jijini humo, kilisimama kazi kabla ya mwaka 2010, na matairi mengi yanayouzwa nchini hutoka mbali, yakakaa bandarini, ghalani na dukani. Mpira huzeeka hata usipotumika. Hewa ya oksijeni na ozoni huula polepole, na jua la Tabora huharakisha kazi hiyo kwa tairi linaloning'inizwa nje ya duka liwe tangazo. Ubavuni mwa matairi mengi pameandikwa tarakimu nne ndani ya kijiduara kirefu. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Anayeng'arisha tairi la zamani kwa mafuta hawezi kuificha tarakimu hiyo, lakini anaweza kutegemea kwamba mnunuzi hajui kuisoma.

Yote hayo ni sehemu ya fizikia na kemia ya sekondari, na hapa ndipo lawama inapowaangukia walimu zaidi kuliko madereva. Mwaka 1967 taifa lilitangaza Elimu ya Kujitegemea. Katika shule nyingi siasa hiyo njema iliishia kuwa shamba la mahindi na jembe begani, wakati kusudi lilikuwa kwamba maarifa ya darasani yaguse kazi za maisha. Mwaka 1994 ikaundwa VETA, na kituo chake cha Tabora hufundisha ufundi. Ipo pia njia ya kumtambua rasmi fundi aliyejifunzia mtaani, jambo la kusifiwa. Lakini kati ya chuo cha ufundi na shule ya sekondari umesimama ukuta mrefu. Mwanafunzi hukariri kanuni ya wenzo kwa Kiingereza, akapata alama zake. Jioni hukaa kando ya barabara akimtazama fundi akitumia wenzo, na wala haoni kwamba ni kitu kilekile, kwa sababu darasani kilikuwa na jina jingine na kilichorwa kama mstari juu ya pembetatu. Kijana huyo akishindwa mtihani na kuwa dereva wa bodaboda, hachukui kutoka shuleni hata kile alichofaulu.

Haihitajiki maabara mpya. Rimu iliyopinda, tairi lililokwisha na tyubu yenye viraka hutupwa kila wiki, au huishia kuwa makatambuga na mipira ya kufungia mizigo. Mwalimu akipata gurudumu moja la aina hiyo ana masomo ya muhula mzima. Wanafunzi wapime kipenyo cha mdomo wa tairi na cha ukuta wa rimu, wachore jinsi duara dogo linavyopita juu ya kubwa, kisha wajaribu kung'oa tairi mdomo ukiwa nje ya mfereji na ukiwa ndani yake, wapime kani kwa mizani ya kamba. Wapasue tairi kuukuu waone nyaya. Wapake gundi kwenye vipande viwili vya tyubu, kimoja kibandikwe upesi na kimoja baada ya kukauka, waning'inize mawe mpaka vibanduke. Wasichana wafanye kama wavulana, maana pancha haichagui, na wauguzi wengi wanaokwenda vijijini kwa pikipiki ni wanawake.

Na siku moja katika muhula huo mwalimu amwite fundi wa jirani aje darasani na vyuma vyake, abadili tairi mbele ya wanafunzi polepole, huku wao wakimuuliza kila hatua. Aanze na goti. Shule imlipe, na malipo ya siku hiyo yasipungue kile ambacho angekipata chini ya mwembe wake.